Muthoni wa Kirima, Fildi Mashali wa Msituni

Mtu wa Kaaleng, huku Turkana, hahitaji kuelekezwa Lokitaung. Huko ndiko Mwingereza alikowafunga Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953. Walidaiwa kuwa vinara wa Mau Mau, wakatupwa jangwani wasisikike tena. Mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Lakini vita vyenyewe vilikuwa mbali na joto la Turkana, kwenye baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, na kuna mwanamke aliyevipigana ambaye naona tumemtaja kidogo mno.

Muthoni wa Kirima alianza walivyoanza wanawake wengi wa Nyeri, kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari. Mumewe, Mutungi, alikuwa ameshaingia msituni. Homgadi, walinzi Waafrika wa upande wa wakoloni, walimshuku Muthoni, wakampiga vibaya, naye akaona heri amfuate mumewe. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, alimpachika jina la Thonjo, yule ndege mnana, kwa werevu wake. Akapanda hadi kuwa Fildi Mashali, mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo hicho.

Cheo hakikumpunguzia shida. Waliishi kwa nyama ya mwitu, wakivaa ngozi, huku ndege za Waingereza zikimwaga mabomu juu ya miti. Mimba yake iliharibika humohumo, na hakujaliwa kuzaa. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957, na serikali ikajitangazia ushindi. Muthoni hakutoka. Alibaki porini miaka mingine sita na zaidi, hadi bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1963.

Nywele zilizosokotana akiwa vitani alikaa nazo hadi Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina, mjane wa Kenyatta, yule mfungwa wa Lokitaung. Picha zilienea nchi nzima. Nashuku vijana wengi ndipo waliposikia jina lake kwa mara ya kwanza, naye akiwa ameshapita miaka tisini, na hilo linaniuma. Alifariki Septemba 2023.

Tena kuna jambo zito kuliko usahaulifu. Marufuku ambayo wakoloni waliiwekea Mau Mau mwaka 1950 haikufutwa na Rais Kenyatta, wala na Rais Moi. Ilifutwa mwaka 2003. Kwa miaka arobaini ya uhuru alioupigania, Muthoni alihesabiwa kisheria kuwa mfuasi wa chama haramu.