ADF na magenge ya madawa ya kulevya: orodha moja, hatari mbili

Mwezi wa 3 mwaka 2021, Marekani iliweka ADF, wale wanaoua watu Beni na Ituri, kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi. Mwezi wa 2 mwaka 2025, ikaongeza kwenye orodha ile ile magenge 6 ya Meksiko yanayouza madawa ya kulevya. Jina limekuwa moja: magaidi. Lakini hatari anayoishi nayo mkaaji wa Oicha ao Komanda si ile ya mkulima wa Meksiko, na namna ya kupambana nayo haiwezi kuwa moja.

Wanatafuta nini?

ADF ilianzia Uganda miaka ya 1990, ikipinga serikali ya Rais Museveni, kisha ikajificha upande wa Kongo, karibu na mlima Ruwenzori. Mkubwa wake, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Musa Baluku akashika nafasi yake na kuunga kundi kwa Dola la Kiislamu (Daesh). Tangu mwezi wa 4 mwaka 2019, Daesh inatangaza mashambulizi ya ADF kuwa ni yake.

Magenge ya Meksiko hayana mahubiri. Yanatafuta feza: kokeini na fentanili zinazouzwa Marekani, na pia kodi ya nguvu. Katika jimbo la Michoacán, wakulima wa avoka na ndimu wanalipishwa ili waachwe wavune. Genge linataka mkulima aendelee kulima na polisi aendelee kunyamaza. Anayekataa anauawa. Kule watu wanasema ni kuchagua: feza ao risasi.

ADF mara nyingi haikupi nafasi ya kuchagua. Inaingia kijijini usiku, inaua kwa mapanga na bunduki, inateka wengine wabebe mizigo, inachoma nyumba. Wanaobaki wanakimbia, na mashamba ya kakao yanabaki bila mwenyewe wakati wa mavuno.

Msituni na ndani ya ofisi

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 2014, mjini Iguala, Meksiko, polisi walikamata wanafunzi 43 wa chuo cha walimu cha Ayotzinapa na kuwatia mikononi mwa genge. Wakapotea. Siku chache nyuma yake, mwanzoni mwa mwezi wa 10, mauaji makubwa ya Beni yakaanza.

Hapo tofauti inaonekana. Genge linaingia ndani ya serikali na kuinunua. Genaro García Luna, aliyekuwa waziri wa usalama wa Meksiko, alihukumiwa New York kwa kupokea feza za genge la Sinaloa. ADF inatoka msituni. Lakini tusijidanganye: mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliwekea vikwazo jenerali mmoja wa FARDC, juu ya shutuma za kuhusika na mauaji ya Beni. Hata huku, adui hakuwa msituni tu.

Nani anaua zaidi?

Kwa hesabu, magenge. Tangu 2018, Meksiko ilipita watu 30,000 waliouawa kwa mwaka, miaka mingi mfululizo, na waliopotea wameandikwa zaidi ya 100,000. Lakini ile ni nchi ya watu karibu milioni 130. ADF inapiga teritwari chache, watu wale wale, tena na tena.

Inapiga pia mahali pa kusali. Mwezi wa 1 mwaka 2023, bomu lililipuka kanisani Kasindi wakati wa ubatizo. Mwezi wa 7 mwaka 2025, kufwatana na MONUSCO, watu 43 waliuawa Komanda, wengi wao katika kesha la maombi. Waislamu nao hawakuachwa. Mwezi wa 5 mwaka 2021, imamu mmoja wa Beni aliyepinga ADF katika mahubiri yake alipigwa risasi msikitini. Kumshuku jirani juu ya dini yake ni kuwasaidia wauaji.

Jeshi peke yake?

Meksiko ilitoa jeshi barabarani mwezi wa 12 mwaka 2006. Wakubwa wa magenge walikamatwa, magenge yakapasuka vipande, na mauaji yakaongezeka. Huku kwetu, hali ya dharura ilianza mwezi wa 5 mwaka 2021, na operesheni Shujaa ya FARDC na jeshi la Uganda mwezi wa 11. Kambi za ADF zilivunjwa, lakini wapiganaji wakatawanyika, na leo wakaaji wa Mambasa na Lubero wanalia.

Makundi yote mawili yanaishi kwa feza na kwa watu. Genge linadhoofika kama polisi na waamuzi hawanunuliki. Kwa ADF, kuna njia za chakula, dawa na feza za kukata, na kuna vijana wanaodanganywa kwa ahadi ya kazi ao masomo. Juu ya yote, kuna tahadhari. Mara nyingi wakaaji waliona watu wasiowajua karibu na mashamba, wakasema, na askari wakafika kisha watu kufa. Raia wakipiga simu na asifike mtu, mara ya pili hawapigi tena.