Tabaka la kurithi (Thika na Ruiru)

Tabaka la kurithi ni nafasi ya kijamii anayoikuta mtu nyumbani kwao kabla hajajua kusoma. Mijini Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, mizizi yake ni ardhi.

Walowezi wa Kizungu walipotwaa mashamba, wenyeji wengi waligeuka vibarua na maskwota. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, hata ndugu wangeweza kutengana: huyu Mau Mau aliyepigana na wakoloni, yule homugadi aliyewatetea. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya ardhi na kutoa hati. Watiifu kwa serikali ya kikoloni walinufaika. Baadhi ya waliotoka kizuizini walikuta mipaka imekwisha kuchorwa.

Wajukuu wa pande hizo hupanda matatu moja, ila hawashukii mtaa mmoja. Mwenye hati hujenga nyumba za kupangisha. Asiye nayo hulipia chumba Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, akisaka kibarua viwandani au katika mashamba ya mananasi ya kampuni ya Del Monte. Ruiru, iliyokuwa na watu 490,120 mwaka 2019, imejaa wapangaji, na palipokuwa na mibuni pameota mji mpya wa Tatu City.

Je, katika siasa kijana humfuata nani? Mwaka 2022 Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza na mwana wa Kiambu, alimuunga mkono Raila Odinga. Kiambu ikampa kura William Ruto, aliyejinadi kama hasla, yaani mhangaikaji wa kawaida, dhidi ya nasaba za watawala. Lakini Juni 2024 vijana wa Githurai, mtaa ulio karibu na Ruiru, walikuwa barabarani wakiipinga serikali ya Ruto.