Kafi la Wainuiti na Vipimo vya Mwili

Katika lugha yetu kasia ni mbali na kafi. Kasia huegemezwa ubavuni mwa mashua, na avutaye huupa mgongo upande aendako. Kafi hushikwa kwa mikono mitupu, na mwenyewe hutazama mbele. Kayaki, chombo chembamba cha Wainuiti wa Greenland, huendeshwa kwa kafi; ila kafi lao lina mabapa mawili, moja kila ncha ya mpini.

Nchi ile haina misitu ya mbao ndefu. Mti wa kuchonga uliletwa na bahari yenyewe, yaani magogo ya Siberia yaliyochukuliwa na mito, kisha yakasafiri pamoja na barafu hata yakatupwa pwani. Ncha za bapa zilivikwa mfupa, zisiliwe na barafu. Urefu ulipimwa kwa mwili wa mwenye kafi: pima moja, na juu yake mkono toka kiwiko hata ncha za vidole. Upana wa bapa ulikuwa kadiri ya kushikika kwa kiganja, kama sentimita 8. Vipimo hivi si vigeni kwetu, maana pima na dhiraa ni vipimo vya wazee wetu pia.

Mtu aweza kusema kwamba bapa jembamba halishiki maji. Kweli, halishiki mengi kwa pigo moja. Na kwa hiyo haliumizi mabega ya mwindaji afuataye sili mchana kutwa, wala upepo haulikamati. Tena kayaki ikipinduka, mwindaji aliyefungiwa ndani kwa vazi lake huteleza mikono hata mwisho wa bapa, kafi likawa kama mtaimbo mrefu, akajiinua pasipo kutoka. Katika maji yale, kutoka ni kukaribia kufa.

Mwaka 1865 Mskoti John MacGregor alisafiri katika mito na maziwa ya Ulaya kwa chombo chake Rob Roy, akitumia kafi la futi 7 lenye mabapa mawili. Kitabu chake cha 1866 kiliwavuta wengi katika safari hizo. Makafi yaliyotengenezwa viwandani baadaye yalikuwa na mabapa mapana zaidi, na siku hizi ya safari huuzwa kwa kawaida ya sentimita 210 hata 240.

Basi achaguaye kafi la safari ndefu na atazame kwanza upana wa chombo, maana chombo kipana chataka kafi refu. Kisha kimo chake mwenyewe. Kisha uzito, kwa kuwa atauinua mara elfu nyingi kabla ya jua kutua. Bapa pana hupendeza asubuhi. Wainuiti walichonga lao wakiwaza njia ya kurudi nyumbani.