Siri ya Mgonjwa Unguja: Kutoka Changuu Hadi Kompyuta

Zamani Unguja, maradhi ya mtu yalijulikana kwa pale alipopelekwa. Aliyevushwa kwa mashua hadi Changuu alihofiwa kubeba ugonjwa wa kuambukiza. Kisiwa hicho kilinunuliwa 1893 na Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani, kwa nia ya kujenga gereza. Jengo likakamilika, wafungwa hawakuletwa, likaishia kuwa karantini ya wasafiri. Aliyepelekwa Walezo, kwa masista wa Kikatoliki, alikuwa na ukoma au hana wa kumtunza. Na mpaka leo ukisikia fulani yuko Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, huulizi anaumwa nini.

Wakubwa wa enzi zile hawakuona kasoro hapo. Walitaka kuulinda mji, na mji ulikuwa na sababu ya kuogopa: kipindupindu cha 1869 na 1870, alichokisimulia daktari James Christie katika kitabu chake cha 1876, kiliua maelfu ya watu. Mgonjwa wa kawaida naye sitara yake ilikuwa mikononi mwa tabibu wake. Mji Mkongwe ni mji ambao tabibu, jirani na mkwe huketi baraza moja. Tabibu asiye na haya alitosha kumwaibisha mtu.

Ukimwi ulionesha kwamba haya peke yake haitoshi. Wagonjwa watatu wa kwanza Zanzibar walithibitishwa 1986 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Jibu la maabara likawa linavunja ndoa na kumkosesha mtu kazi, na anayeogopa kujulikana hapimi. Tume ya UKIMWI Zanzibar ikaundwa 2002, na 2013 ikapatikana sheria ya kuzuia na kusimamia UKIMWI. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kwa kweli, ilikuwa imekwisha kuilinda faragha ya mtu katika kifungu cha 15, lakini katiba haikai dirishani pa mapokezi.

Sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Wengi hudhani imemaliza kazi. Kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Mwaka huohuo wa 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na penye mfuko pana madai ya malipo: habari za mgonjwa hutoka kwa daktari zikapita kwa makarani, wahasibu na mafundi wa kompyuta. Kiapo cha daktari hakimfungi hata mmoja wao.

Kwa hiyo kila hospitali iwe na kanuni zilizoandikwa: nani afungue faili, nani amelifungua jana, na adhabu ya anayelipeleka barazani. Mamlaka juu ya afya ni ya Wazanzibari wenyewe. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi pale Chukwani wazidai kanuni hizo kwa hospitali za serikali na za binafsi, na wazikague.