Makazi yenye usaidizi, wala si makazi tegemezi

Asubuhi moja Karagita, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, kwenye njia ya vumbi kando ya maduka, nilipishana na bodaboda iliyobeba mlango. Mlango wa bati, rangi ya samawati, kufuli bado linaning'inia kwenye komeo. Ulikuwa umeng'olewa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, chumba cha mama mmoja aliyefutwa kazi katika shamba la maua na kudaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye ploti hakuhangaika na korti. Alikuja na fundi mwenye spana. Nilipofika, mama alikuwa anatundika leso pale mlango ulipokuwa, na misumari ameibana kwa meno.

Ana nyumba au hana? Kuta anazo, bati juu ya kichwa analo. Swali hilo lilinikamata kwa sababu juma lile lile nilikuwa nakuna kichwa juu ya istilahi ya Kiingereza, supportive housing, nikitaka kuitafutia Kiswahili kisichokwaza.

Kinachotajwa ni makazi ya kudumu ya mtu aliyekuwa akilala nje au aliyepoteza kwake. Kodi ni ile anayoimudu, na karibu naye wapo watu wa kumsaidia: muuguzi, mshauri, mtu wa kufuatilia kitambulisho au kazi. Anatia sahihi mkataba kama mpangaji mwingine yeyote. Huduma akizikataa, nyumba hanyang'anywi. Sharti hili la mwisho ndilo moyo wa istilahi yenyewe, na ndilo linalopotea kwanza katika tafsiri.

Jambo lenyewe lilikulia New York. Mwaka 1980 watawa Wafransisko walifungua huko jengo la St. Francis Residence kwa watu waliokuwa na maradhi ya akili na wasio na pa kulala. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis akaanzisha shirika lililopindua utaratibu wa kawaida: usimwambie mtu aache pombe kwanza ndipo apewe chumba, mpe chumba, hayo mengine yatafuata akiwa amelala usingizi. Baadaye mashirika ya hisani yakatoka mijini na kutafuta ardhi. Nje kidogo ya Austin, Texas, shirika la Mobile Loaves & Fishes lina kijiji kizima cha nyumba ndogo ndogo za watu waliotoka barabarani.

Sasa, Kiswahili. Tafsiri inayokuja mbiombio ni “makazi tegemezi”, na ni mbaya. Kishazi tegemezi, kila mwanafunzi wa sekondari anajua, hakijitoshelezi. Na mtu tegemezi ni yule anayelishwa na wengine. Neno limemgeukia mpangaji na kumshusha. “Makazi saidizi” yana kasoro nyingine: kama kitenzi kisaidizi kinavyokibebea kitenzi kikuu wakati, makazi saidizi yatasikika kama kijumba cha pembeni, nyumba kubwa iko kwingine. “Makazi ya msaada” ndiyo nisingeyataka hata kidogo. Kwetu msaada hushuka kutoka kwenye lori, hupangiwa foleni na kupigwa picha.

Liko pia neno la serikali. Mwaka 2003 Kenya iliunda hazina maalumu ya familia za mitaani, na neno lililowekwa kwenye jina lake la Kiingereza ni rehabilitation, yaani kurekebisha. Kinachorekebishwa ni kilichoharibika. Pengine nalichambua neno mno, lakini mtu anayeanza kwa kurekebishwa hawezi kupewa ufunguo siku ya kwanza.

Mfano wetu wa karibu uko Kajiado. Jamii Bora ilianza mwaka 1999 na wanawake 50 waliokuwa wakiomba mitaani Nairobi, wakiongozwa na Ingrid Munro, Mswidi aliyefanya kazi ya makazi kwa miaka mingi. Walianza kwa kuweka akiba, wakakopeshana, wakajiwekea bima ya matibabu. Kisha shirika likanunua ardhi ya malisho na kuanza kujenga mji wa Kaputei. Baadhi ya wenyeji walipinga, kesi ikavuta miaka. Matofali na vigae vilifyatuliwa papo hapo. Ni kazi ya kuvuliwa kofia, ila mtu aliipata nyumba baada ya kuthibitisha kwamba anakopa na kulipa. Mkopaji mwaminifu alizawadiwa makazi. Kwa kipimo cha Tsemberis, mlango ulikuwa mwisho wa foleni. Hayo ni makazi ya mkopo, na yanastahili jina lake la pekee.

Karibu zaidi na Karagita, huko Maai Mahiu, wakimbizi wa ndani wa ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 walichanga fedha na kununua ardhi. Serikali ilikuwa imetenga shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa kila familia, na kiasi hicho peke yake hakinunui hata kona ya shamba. Zikiunganishwa za familia nyingi, zinanunua. Shirika la Habitat for Humanity likaja kuwajengea baadhi yao nyumba za kudumu. Hapa ardhi na paa vilipatikana, ila kupata wa kukaa karibu na mtu aliyeona nyumba yake ikiteketea ni jambo jingine kabisa, na halijengwi kwa saruji.

Ndiyo maana nimetua kwenye “makazi yenye usaidizi”. Makazi yanatangulia, yamekamilika. Usaidizi, tofauti na msaada, ni kazi inayoendelea, haibebwi kwenye gunia. Na kile kijineno “yenye” kinaviunganisha bila kuvigandisha: ondoa usaidizi, makazi yanabaki.

Nilimjaribia jina hilo mama wa leso. Alisikiliza huku akipigilia msumari wa mwisho kwa jiwe. Kando ya ziwa hili kila mtu anajua kambi, zile nyumba za wafanyakazi ndani ya mashamba makubwa: maji yapo, pengine hata zahanati, na kazi ikiisha unafungasha.

“Sasa hiyo yenu,” akauliza, “nikifutwa kazi ninatoka?”

Nikamwambia hapana.

“Nikikataa kuongea na huyo mshauri?”

Hapana.

Akaivuta leso ili iguse chini, kuku wasiingie. “Basi hiyo si kambi,” akasema.