Mtu, Chui na Mbuzi: Mafumbo ya Mantiki na Mtihani wa Hesabu

Mtaa wa Buluk mjini Juba una jina la kijeshi. Neno hilo asili yake ni Kituruki, nalo maana yake ni kikosi cha askari. Lilifika kwenye Mto Naili pamoja na jeshi la Misri lililoitawala Sudani katika karne ya 19. Sisi wa Kiswahili tunamjua ndugu yake mmoja, ombasha, cheo ambacho askari wa Kisudani walikuja nacho pwani yetu walipoandikwa na Wajerumani mwaka 1889. Mpenda hesabu atafurahi kusikia kwamba ombasha kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi, na kwamba bimbashi wa jeshi hilohilo la Misri ni mkuu wa watu elfu.

Leo Buluk yajulikana kwa makao ya polisi na kwa shule zake. Mtoto asomaye hapo humaliza shule ya msingi katika darasa la nane kwa mtihani wa taifa, ambao hisabati ni mojawapo ya masomo yake, na lugha yake ni Kiingereza. Nyumbani na sokoni mtoto huyo husema Kiarabu cha Juba, au Kibari, au lugha nyingine ya wazazi wake. Wapo walimu, huko na kwetu pia, ambao hupenda kuwapa watahiniwa wao mafumbo ya mantiki, yale tuyaitayo chemsha bongo, yawe mazoezi ya mtihani wa namna hiyo. Je, zoezi hili limetoka wapi, na faida yake hasa ni ipi? Rai yangu ni kwamba fumbo la mantiki ni somo la lugha kabla halijawa somo la hesabu, na kwa sababu hiyo latuhusu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyodhani.

Desturi yenyewe ni kongwe. Upo mkusanyo wa Kilatini unaonasibishwa na Alcuin wa York, mwalimu aliyefundisha katika baraza la mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Jina lake tukilitafsiri ni “Maswali ya Kunoa Akili za Vijana”. Humo mna mtu aliyefika mtoni akiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi hauchukui ila mtu huyo na kitu kimoja. Akiwaacha mbwamwitu na mbuzi peke yao, mbuzi ameliwa. Akiacha mbuzi na kabichi, kabichi imekwisha. Jibu lahitaji kuvuka mara saba, na siri yake ni kwamba mara moja yampasa mtu arudi na mbuzi kule alikotoka. Mwanafunzi asiyewaza kwamba kurudi kwaweza kuwa sehemu ya kwenda hukwama hapo.

Mwaka 1990 Marcia Ascher, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alichapisha makala juu ya fumbo hili la mto, akakusanya na matoleo yake ya Afrika. Moja ni la Waswahili wa Zanzibar. Mgeni kutoka nchi nyingine afika kwa sultani na kukataa kutoa kodi. Aambiwa kwamba akiweza kumpelekea mwana wa sultani, akaaye ng’ambo ya mto, chui, mbuzi na majani, basi atahesabiwa kuwa mgeni wa kweli na kodi hatatoa. Chombo chachukua mtu na vitu viwili. Lakini hapana viwili kati ya vitatu viwezavyo kuachwa ufukoni bila mwenyewe kuwapo. Mgeni avuka na viwili, aacha kimoja, arudi na cha pili, kisha avuka tena na hicho pamoja na kile kilichobaki. Ni rahisi kuliko la Alcuin, lakini tazameni lilivyovikwa: mna sultani, mna kodi, na akili ya mtu ndiyo inayopimwa kabla hajapewa haki yake. Huo ni mtihani kamili, ila hauna karatasi.

Toleo la Waila wa Zambia ndilo lililonishughulisha zaidi. Humo mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, na mtumbwi wachukua mtu na kimoja tu. Afikiri kumwacha chui, afikiri kumwacha panya. Mwishowe aona kwamba wanyama hao kwake ni kama watoto wake, basi haondoki, abaki alipo.

Jibu hilo, likiandikwa kwenye karatasi ya mtihani, lapata sifuri. Wala si kwa kuwa ni jibu la mjinga. Lapata sifuri kwa sababu mtahini ameweka mapatano ambayo hakuyataja: kwamba mto lazima uvukwe, kwamba vitu vyote ni mizigo, na kwamba haifai kuleta ndani ya swali jambo ambalo swali halikulisema. Mtaalamu wa Urusi, Luria, aliyakuta mambo hayahaya kwa wakulima wa Uzbekistan katika miaka ya 1931 na 1932. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani pako huko. Je, dubu wa hapo wana rangi gani? Wengi wa wale ambao hawakupita shuleni walikataa kujibu: hawakufika huko, na mtu husema aliyoyaona. Waliosoma, hata kidogo tu, walijibu mara moja. Kitabu chake kilikaa zaidi ya miaka arubaini kabla ya kutolewa Moscow mwaka 1974. Yafaa kukisoma kwa hadhari, kwa maana ni rahisi kukigeuza kiwe ushahidi wa kuwadharau wasiosoma. Mimi naona wakulima wale walikuwa na kanuni yao ya ukweli, nayo ni kanuni nzuri ya shahidi mahakamani. Lakini si kanuni ya chumba cha mtihani.

Yampasa mwalimu, basi, atenganishe fumbo la mantiki na kitendawili, ambacho watoto wetu hukijua mapema zaidi. Tukisema “Nyumba yangu haina mlango,” aliyezoea hujibu “Yai,” na asiyejua hawezi kulichimbua jibu kutoka katika maneno hayo manne. Hutoa mji, kisha huambiwa. Jibu la kitendawili limewekwa akiba na jamii. Jibu la fumbo la mantiki limo ndani ya maneno ya fumbo lenyewe, wala hapana haja ya kutoa mji. Mwanafunzi ambaye hajaonyeshwa tofauti hii hulikabili swali la hisabati kama kitendawili: hukumbuka, hubahatisha, au humtazama mwalimu usoni.

Mitihani yetu ya taifa imekaza jambo hili. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, mtahiniwa wa darasa la nane alipewa maswali 50 ya hisabati, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Watoto wengi wa Sudani Kusini waliokulia katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, waliufanya mtihani huohuo. Katika karatasi kama hiyo hakuna wa kueleza kwamba mbuzi ni kama mtoto wake. Mwaka 1977 Anne Newman wa Australia alichunguza makosa ya wanafunzi wa darasa la sita katika maswali ya hesabu ya maandishi. Alizipanga hatua tano: kusoma, kuelewa, kugeuza maneno yawe tendo la hesabu, kukokotoa, na kuandika jibu. Sehemu kubwa ya makosa yalitokea kabla mtoto hajafika kwenye kukokotoa. Jedwali la kuzidisha, hata likikaririwa usiku kucha, halimponyi mtoto aliyeanguka katika hatua ya pili.

Hapo ndipo habari ya Juba inapokuwa nzito. Mwaka 1928, katika mkutano wa Rejaf, si mbali na mji huo, wakoloni na wamisionari walichagua lugha za kufundishia madarasa ya chini, Kibari na Kidinka zikiwa miongoni mwake. Baada ya uhuru wa Sudani wa mwaka 1956 serikali ya Khartoum ilikaza Kiarabu. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yakaipa Kiingereza nafasi kubwa Kusini. Katika miaka ya 1990 Kiarabu kikarudishwa kwa nguvu katika miji iliyoshikwa na serikali, Juba ikiwamo. Uhuru wa mwaka 2011 ukakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Katika familia moja ya Buluk yamkini baba alifunzwa “kasoro” kwa Kiarabu, shangazi kwa Kiingereza cha Uganda, na mtoto hajui amwulize nani.

Nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na serikali yake imeeleza nia ya kufundisha Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili atakayekwenda huko asidhani kwamba hesabu haimhusu. Lakini asiahidi mno. Mwaka 1901 Thorndike na Woodworth walionyesha kwamba mazoezi ya jambo moja hayamsaidii mtu katika jambo jingine ila pale mambo hayo mawili yanaposhirikiana. Fumbo halifundishi sehemu wala asilimia. Linachoshirikiana na mtihani ni maneno madogo: si, kila, ila, angalau, kabla ya, nyuma ya. Basi fumbo lifanywe kwanza kwa lugha ambayo mtoto huwazia, kwa mdomo, kisha ndipo lihamishwe katika lugha ya mtihani, neno kwa neno.

Tuchukue mfano mwepesi. Watoto watatu wamepanga mstari mmoja bombani: Wani, Poni na Keji. Poni si wa kwanza. Keji yuko nyuma ya Poni. Nani wa kwanza? Poni si wa kwanza. Keji, aliye nyuma ya mwingine, hawezi kuwa wa kwanza. Basi ni Wani, akifuatwa na Poni, kisha Keji. Hakuna tarakimu hata moja, na kazi yote imefanywa na “si” na “nyuma ya”. Sasa mwalimu abadili neno moja tu: Poni si wa mwisho. Darasa litajibu upesi kama lilivyojibu kwanza, na wengi watasema Wani. Aandike ubaoni mipango yote inayowezekana, nayo ni mitatu: Wani, Poni, Keji, Poni, Wani, Keji, Poni, Keji, Wani. Kisha aulize kwa nini sharti hilo jipya halikusaidia kitu. Halikusaidia kwa kuwa lilikwisha kusemwa: ikiwa Keji yuko nyuma ya Poni, Poni hakuweza kamwe kuwa wa mwisho.