Rock ya wahami wa Mali na wimbo unaoitwa Subira

Mwezi wa nane 2012, muziki ulitoka hewani kaskazini mwa Mali. Makundi yenye silaha yaliyokuwa yameteka miji ya Gao, Timbuktu na Kidal yalitoa amri kwamba redio zisipige tena nyimbo za kizungu, na nyimbo za wenyeji nazo hazikusalimika. Simu zilizolia kwa muziki zilimletea mwenyewe taabu. Vyombo vya wanamuziki vilichomwa moto. Mtu anayesikiliza redio yake kila jioni akiwa mbali na kijiji chake anafahamu vizuri ni nini kiliondolewa hapo.

Wakati huo Garba Touré, kijana mpiga gitaa wa mji wa Diré, kando ya mto Niger, alikuwa ameshaondoka. Baba yake alipiga ngoma miaka mingi pamoja na Ali Farka Touré, yule mzee aliyeufanya muziki wa mto huo ujulikane duniani kote. Waasi walipoingia, Garba alichukua gitaa lake akashika njia ya Bamako, mji mkuu. Huko alikuta vijana wengine wawili wa kaskazini, watu wa asili ya Gao: Aliou Touré, mwimbaji, na Oumar Touré wa gitaa la besi. Watatu hao si ndugu wa damu, jina Touré limejaa tu kule. Wakampata Nathanael Dembélé wa kupiga dramu, wakajiita Songhoy Blues, kwa jina la kabila lao, Wasonghay.

Walichopiga ni rock. Garba alikuwa amekua akisikiliza nyimbo za mto na pia Jimi Hendrix, na mikono yake haikutenganisha hivyo viwili. Lakini katika eneo hilo gitaa la umeme lina historia yake, nayo ilianza katika ukimbizi miaka mingi kabla yao, tena kwa watu wa upande wa pili.

Mwaka 1963, miaka 3 baada ya uhuru, Watuareg wa eneo la Kidal waliasi serkali mpya, na jeshi likawajibu kwa ukali mkubwa. Mtoto mmoja wa Tessalit, Ibrahim Ag Alhabib, mwenye umri wa miaka 4 hivi, alishuhudia baba yake akiuawa. Jamaa zake walivuka mpaka wakaingia Algeria, naye akakulia huko, katika makambi na mitaa ya pembeni ya Tamanrasset. Siku moja aliona filamu ambamo kauboi alipiga gitaa. Akatafuta kopo la bati, fimbo na waya wa breki ya baiskeli, akajitengenezea lake. Aliyeona watoto wa huku wakifunga nyuzi kwenye kopo la mafuta hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukame wa miaka ya 1970, kisha ule wa 1984, uliua mifugo na kuwatoa vijana wengi nyumbani. Walitangatanga Algeria na Libya wakitafuta kibarua. Waliitwa ishumar, neno lililotoka kwa Kifaransa chômeur, ambalo huku Kongo halihitaji tafsiri. Usiku waliimba kwa Kitamasheki juu ya upweke na nchi waliyoiacha, huku masikio yao yakiwa na nyimbo za Nass El Ghiwane wa Moroko, rai ya Algeria, na Santana. Kundi lao likajulikana kama Tinariwen. Hawakuwa na studio wala kampuni ya kuwauzia. Mtu alileta kaseti tupu, nao wakamrekodia bure. Kaseti hiyo ilinakiliwa, ikapita jangwa zima mkononi mwa wasafiri.

Jambo moja lisifichwe. Libya ya Gaddafi iliwaita vijana hao katika kambi za mafunzo ya kijeshi kuanzia 1980, na uasi mpya ulipoanza 1990, baadhi ya Tinariwen walibeba bunduki pamoja na gitaa. Kwa Mtuareg aliye ugenini, nyimbo zile zilikuwa faraja. Kwa jirani yake Msonghay wa kando ya mto, zilikuwa sauti ya mtu anayekuja na silaha. Mwaka 1994 Wasonghay nao waliunda kundi lao la wapiganaji, Ganda Koy, na raia wa pande zote mbili walilipa kwa damu. Mwezi wa tatu 1996 silaha karibu 3,000 zilichomwa hadharani Timbuktu kuonyesha kwamba vita vimekwisha. Miaka 4 baadaye Tinariwen walirekodi albamu yao ya kwanza kusambazwa ulimwenguni, ndani ya kituo kidogo cha redio cha Kidal, Radio Tisdas, kwa umeme wa jua.

Mwanzoni mwa 2012 vita vilirudi. Kule Bamako na Kati nyumba na mali za Watuareg zilishambuliwa, wenyewe wakakimbia, hata wale ambao hawakuwa na uhusiano wowote na waasi. Walihesabiwa kuwa adui kwa sura na lugha yao. Katika hali hiyo ndipo Songhoy Blues walianza kupiga katika baa na harusi za Bamako. Lengo lao lilikuwa kuwarudishia wahami wa kaskazini walau usiku mmoja wa nyumbani. Wasonghay walikuja. Watuareg nao walikuja, wakacheza katika ukumbi mmoja na watu ambao siasa iliwataka wawaogope. Pengine hilo ndilo jambo kubwa kuliko albamu zote zilizofuata, ingawa halikurekodiwa.

Mwaka 2013 wanamuziki wa Africa Express, pamoja na Mwingereza Damon Albarn, walifika Bamako wakitafuta vipaji vipya. Songhoy Blues walirekodi nao wimbo Soubour, Mmarekani Nick Zinner akiwa mtayarishaji. Soubour kwa Kisonghay ni subira. Neno lao na letu yote mawili yametoka kwa Kiarabu. Mtu wa Bunia au Uvira angelisikia jina hilo likitajwa, angeelewa bila mkalimani. Ni wimbo wa mwendo mkali, gitaa likikwaruza, na wahami wanaambiana wasikate tamaa. Huenda wengine walitegemea subira iimbwe polepole. Albamu Music in Exile ilitoka 2015 kwa Transgressive, kampuni huru ya London.

Mwaka 2025 walitoa Héritage, ambamo kelele za umeme zimepunguzwa na vyombo vya jadi vimepewa nafasi. Jeshi la Mali lilirudi Kidal mwezi wa 11 2023, lakini vita kaskazini havijaisha. Katika kambi ya Mbera, upande wa Mauritania, wapo watoto waliozaliwa baada ya 2012 ambao Timbuktu wanaijua kwa kusimuliwa tu.